Chupa ya Mama Therese

Kasulu,
14 Juni 1998

Kaka yangu mpendwa Ildefonsi,

Mwakeye, wewe na wifi na watoto. Mimi mwili mzima, ila moyo hauko sawa. Nimeshukuru kusikia kwamba Baba sasa anapanda kilima cha Gwarama kwenda kanisani bila kupumzika njiani.

Unaniuliza nilimpa dawa gani hata kikohozi kile kikatulia. Ni dawa ya maji ya kulainisha makohozi. Daktari mmoja hapa hospitalini ninapofanya kazi alitaka kujua kama inazuia pia vijidudu visinate kooni. Alipangusa makoo ya wagonjwa kwa pamba, akatazama kwa hadubini. Siku moja aliniita nichungulie: vijidudu vimeng'ang'ania chembe za koo kama kupe sikioni mwa ng'ombe. Wagonjwa walikubali wagawanywe kwa kura. Wengine wapate dawa, wengine maji ya sukari, bila kujua nani kapata nini. Mgawaji wa chupa nilikuwa mimi, nikijua ipi ni ipi.

Baba aliangukia maji ya sukari.

Kaka, ulimwona alivyokohoa mpaka akashika ukuta. Nilibadilisha chupa yake na ya Mama Therese, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilimchagua yeye kwa sababu hana ndugu wa kuja kuuliza. Hilo ndilo linalonila.

Koo la Baba lilipotazamwa, vijidudu vilikuwa vichache. La Mama Therese lilijaa. Kisha akashikwa na nimonia, akalazwa. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia daktari. Alisema hakuna awezaye kujua kama chupa ile ingemkinga, lakini kazi yake nimeivuruga na mgonjwa nimemwibia. Nimesimamishwa.

Jana nilipiga magoti kando ya kitanda cha Mama Therese, nikamweleza yote. Pumzi zilikuwa zikimkwama. Halafu akauliza, "Baba yako anapumua muzuri?"

Nikasema ndiyo.

"Basi," akasema, akageukia ukutani.

Kwamba amenisamehe, hakutamka. Nampelekea uji, leo amekunywa nusu kikombe, hakunitazama.

Baba usimwambie. Nasikia ananisifu mbele ya watu baada ya misa. Nakuja Jumamosi, nimwambie kwa kinywa changu mwenyewe.

Nisalimie wifi, na shangazi Jeanne umshike mkono kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Pelagia