Mitungi ya Kuzimia Moto

Abdulrahmani, nimechoka. Nakugongea haya kwa taipu ya ofisi, dereva wa lori la Katesh ananisubiri mlangoni akuletee.

Maonyesho ya vifaa vya hospitali ndiyo leo. Jenereta niliipata. Malori ya wenye mabanda yalifika. Hata ile mashine ya picha za kifua imetoka Arusha bila kuvunjika kitu. Kilibaki kibali cha usalama tu: kila banda liwe na mtungi wa maji, moto ukitokea.

Nikawaambia wazee wa kijiji cha Tlawi kila nyumba ilete mtungi uliojaa. Uliojaa! Sikusema uliojaa nini.

Wewe umekulia hapa Mbulu. Watu wakiitwa kazini na mitungi, wanaleta nini?

Pombe, Abdulrahmani. Kila banda, pombe ya asali.

Bwana mkaguzi akachovya kidole, akanusa. "Halfani, moto utauzima kwa hii?" Akasema bila maji hakuna kibali, na bila kibali jenereta haiwashwi.

Nikasema basi tumwage. Mzee Alfredi akanitazama kama nimemtukania mama yake. "Pombe ya watu haimwagwi, kijana. Inanywewa."

Wakainywa. Yote. Na wenye mabanda wakasaidia.

Maji nimechota mwenyewe mtoni, maana ni mimi tu, Mwislamu, niliyeweza kutembea.

Sasa kibali ninacho. Jenereta inanguruma. Wagonjwa wa kifua wamepanga foleni tangu asubuhi.

Na fundi wa ile mashine ya picha yuko chini ya meza yake, anakoroma.