Mhina Uliokufa kwa Maji

Rukia, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi wazima, ila mimi nimechoka.

Unauliza mbona mhina wako unapukutika majani na wewe unaumwagilia kila siku. Miaka ya hamsini, hapa Makunduchi, dada yangu alipokuwa anaolewa, nilikabidhiwa mhina wa uani, majani yake tumpake miguuni. Kwa mapenzi nikaumwagilia asubuhi na jioni. Ukafa wiki ya harusi.

Mama hakunigombeza. Alikwenda kuomba majani kwa jirani, ambaye mhina wake uliota juu ya mawe, haujapewa hata kata moja ya maji. "Umeunywesha mpaka umekufa, mwanangu," aliniambia.

Basi uache wako uone kiu. Kisha mpigie simu mama yako, anayeniletea uji kila nikifumba macho, umsomee barua hii.

Bibi yako