Ujumbe wa Maryann Ukutani

Saa mbili na nusu usiku ujumbe wako ulisomeka ukutani, Maryann. Ukutani!

Unajua Madam alivyorudi kutoka Ugiriki na wazimu wa sinema ya nje: viti uani, asmini, filamu kwenye ukuta mweupe. Leo akamwambia Nekesa, "Kaa nawe utazame." Tangu mkataba wake wa kazi huku Uarabuni uishe na wamkatalie kurudi Bungoma, hajawahi kuketi mbele yao. Akaketi. Akacheka na watoto mpaka machozi.

Katikati, simu ya Madam iliyorusha filamu ikazima. Nekesa hakutaka kukosa mwisho, akatoa yake waiunganishe na projekta. Yake mwenyewe!

Ndipo ujumbe wako ukaingia. Mtoto akaugusa, ukafunguka wote: "Ijumaa wakienda kuswali, toka. Usibebe kitu. Dereva atakungoja kwa kona."

Mimi nilikuwa bado kazini, dirishani jikoni. Nekesa alimwambia mume wa Madam, "Ni dada yangu, Baba. Anasalimia tu."

Baba hakubisha. Aliupiga picha ukuta, simu yake ikamtafsiria.

"Dada yako ana dereva?" Kwa upole, Maryann. Kwa upole!

Usimwandikie tena. Simu ya Nekesa sasa anayo Baba.

Alifunga geti, akatia ufunguo mfukoni, akarudi kitini. "Yalla, Nekesa, leta bisi."

Filamu ikaendelea.