Damu Waliyoikataa

Chumbageni, 4 Februari 2024

Mama, shikamoo. Natumaini mguu umepungua kuvimba. Sisi wazima. Nimeandika kwa sababu simu yako unaifungua sauti kubwa, na majirani wote wanasikia.

Ile damu niliyomtolea mjomba kabla ya upasuaji wameikataa. Kipimo cha kwanza kilisema safi. Kisha wakaipima kwa mashine inayotafuta kirusi chenyewe, wakakuta homa ya ini B imejificha humo. Nesi Anjela anasema huenda ninayo tangu utotoni. Mimi ninamshuku mke wangu, Sabra. Mimba ina miezi saba, na mwaka jana alikuwa akienda Mombasa kila mwezi kufuata madera ya kuuza. Nani anajua alikuwa analala wapi?

Mwanao, Nasri

Tongoni, 10 Februari 2024

Mwanangu, marahaba. Mguu ni ule ule, Alhamdulillahi.

Kuhusu yule mwanamke nilikwambia mapema, ukaniona nina wivu. Kwetu hakuna ugonjwa wa ini. Na huyo nesi ana lake jambo: jana damu safi, leo si safi, tumwamini lini? Usikubali waje kutupima huku. Gari la hospitali likisimama mlangoni kwangu, dada yako Tausi haolewi tena.

Mama yako

Chumbageni, 1 Machi 2024

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi sipati.

Nimempa Sabra talaka moja. Nilimtaka apimwe, akajibu atapimwa kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu. Hakulia, na mimi kwa kutolia kwake nikazidi kumshuku. Amekwenda kwao Pangani.

Lakini Anjela aliziona chale za kifuani pangu. Akauliza nani alinichanja, na wembe ulikuwa wa nani. Nilikuwa mdogo, sikumbuki. Niandikie, mama.

Mwanao, Nasri

Tongoni, 21 Aprili 2024

Mwanangu Nasri, salaam. Najua umesubiri. Nimekaa na barua yako wiki saba, nikiona aibu.

Wembe ulikuwa mmoja. Kifaduro kiliingia kijijini, bibi yako akawapanga wajukuu sita ukumbini, akaanza na marehemu kaka yako Uweso. Niliomba kila mtoto apate wembe wake. Akakataa, akasema damu zenu zichanganyike ili mkikua msitengane. Mimi ndiye niliyewashika mikono.

Uweso alipokufa tumbo limejaa maji, tulisema karogwa. Wewe ulipoandika ini, moyo wangu ulikwenda kwenye ule wembe moja kwa moja. Nikaona afadhali iwe Sabra.

Nilimpeleka Tausi akapimwe. Anayo. Wanasema dawa zipo, na wewe usiache kwenda kwa Anjela.

Kisha nikaenda Pangani. Sabra aliniamkia, akaniwekea kiti na chai, akanipa cheti chake cha kipimo nikisome mwenyewe. Yeye hana. Amejifungua Jumanne, mtoto wa kike, mzima, na amechanjwa hospitalini dhidi ya homa ya ini. Hapo eda ikaisha, kwa hiyo huwezi kumrejea kwa neno lako tu. Ukimtaka ni nikahi mpya na ridhaa yake.

Nilimwomba radhi, kwa makosa yangu na yako. Akasema, "Wewe mama nimekusamehe. Yeye asije."

Mama yako