Mzizi wa Mlama

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwogesha Mwanne, nimemlisha uji kwa kijiko. Mkono wa kulia umelala kabisa. Tangu mwezi uliopita hasemi neno. Mdogo wangu huyu, aliyewashinda kwa mdomo wauza mitumba wote wa Kanyenye. Uvimbe wa kichwani umezizoea dawa za hospitali. Wametuambia tukae naye nyumbani. Nina hasira na kila mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Simu kutoka kazini kwangu, maabara ya Dar. Kile tunachokamua kwenye mzizi wa mti wa mlama kinaua seli sugu za uvimbe kwenye kisahani cha maabara. Hilo tulilijua. Sasa wamejaribu kwa panya. Hakifiki kwenye ubongo. Damu inakibeba, ubongo unakifungia mlango. Basi. Nimelia bafuni, Baba asisikie.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia Baba. Hakuinua macho kwenye cherehani. "Nyie mnaukamua," akasema. "Wazee walikuwa wanauchemsha." Mganga wa Ipuli kamwambia mzizi uchimbwe na ndugu wa damu, na njiani asiitikie salamu ya mtu yeyote. Akiitikia, dawa imepoa, haina nguvu tena. Magoti ya Baba hayafiki porini, kwa hiyo ni mimi. Upuuzi mtupu. Nimekataa.

Jumamosi, 9 Agosti

Kifafa kimemshika Mwanne tena. Kirefu. Kilipomwachia, Baba alikaa sakafuni akashika miguu ya mwanawe. Sijapata kumwona hivyo.

Nitakwenda.

Jumapili, 10 Agosti

Nimechimba mapema, nikarudi kwa miguu kupitia Cheyo, mzizi nimeufunga kwenye kanga. Watoto shikamoo, mimi kimya. Mama jirani, yule Mmoraviani, alinisalimia akienda kanisani. Nikampita kama sikufunzwa adabu. Siamini hata chembe, na bado nilibana midomo. Aibu tupu.

Mwanne alikuwa mlangoni, kwenye mkeka, anaota jua. Akanitazama sana.

"Shikamoo, dada."

Sauti yake ileile. Nyuma yake Baba akatikisa kichwa kwa nguvu, nisiitikie. Macho yamemtoka.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mdogo wangu."

Jumanne, 12 Agosti

Hajasema tena. Baba aliuchemsha mzizi hivyo hivyo, ukapoa, akaumwaga uani bila kumnywesha. Haongei nami. Sijutii. Naogopa tu.

Upepo leo. Mwanne amelala tangu adhuhuri. Namfukuzia nzi.