Ulinifanya Askari wa Nyumba Yako

Baba Zuwena, mume wangu,

Mungu akurehemu, dua hiyo sikunyimi. Ila leo nina hasira na wewe, na hasira ya kumkasirikia marehemu haina pa kuitua, ndo maana nakuandikia.

Mwanao amejifungua. Mtoto wa kike, kachukua pua yako. Uzazi wa kwanza, binti anarudi kwa mama yake mpaka arobaini iishe. Hapa kwetu Manzese nani asiyelijua hilo? Chumba nilishakipaka chokaa. Nikanunua pilipili manga ya uji, nikatoa khanga zangu kuukuu, zile laini, za kumfunga tumbo. Zuwena katoka hospitali, kapitiliza Tabata kwa dada yako. Mie habari nimeambiwa na jirani.

Nikajikaza, nikaenda na kikapu changu. Nimemkuta anakunywa uji, kapikiwa na wifi. Nikamuuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Sio kwa ubaya, mama. Ila mie mwanangu nataka akue na uhuru wake. Ulinibana mno. Hata ile simu uliyoninyang'anya, baba alikuwaga ananirudishia ukishalala. Baba ndo alikuwa ananielewa."

Lo! Baba Zuwena!

Ile simu, nani alinituma nikaichukue? Ulikaa ukingoni mwa kitanda unavua soksi, ukasema, "Kamnyang'anye. Mtoto wa kike na simu wapi na wapi! Ila mie usinitaje." Nikaenda. Mtoto akalia, akanitazama kama mchawi. Kumbe mie nikilala, unamrudishia!

Na kile kigodoro cha harusi ya jirani, ngoma ya mtaani ya usiku kucha, umekisahau? Mtaa mzima uko nje, spika zinatetemesha mabati, Zuwena kasimama mlangoni na dera lake jipya. Mie nilisema aende, nitakuwa naye. Ukanivuta chumbani: "Haendi. Kamwambie wewe." Nikamwambia. Baadaye niko jikoni nakuna nazi, nakusikia barazani umemletea chipsi mayai, unambembeleza, "Pole mama'angu. Ingekuwa mie, ungeenda. Si unamjua mama yako." Nikacheka, mjinga mie. Nilidhani unamtuliza tu.

Jamani, mie nimekulia uswahilini humuhumu. Vigodoro nimecheza mpaka magoti yakauma, na ukanioa na heshima zangu. Mie sikuwa na hofu na yule mtoto. Hofu ilikuwa yako. Nilipokuuliza kwa nini kila siku mie, ukanijibu, "Mtoto lazima awe na mmoja wa kumwogopa." Nikaona una busara. Nikakubali kuogopwa, nikijua akishakuwa mtu mzima utamwambia ukweli, tutacheka wote watatu.

Ukafa hujasema. Mapenzi yote umeondoka nayo, mie umeniachia lawama.

Na ulikuwa mume mwema, hilo ndo linaloniuma. Hukunipiga, hukuninyima, hukunitukana. Angekuwa adui ningejihadhari naye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mie hizo nguo nilikuwa nakufulia na kukupigia pasi. Umeniuza, Baba Zuwena, tena kwa mwanangu mwenyewe.

Siku ile Tabata nilifungua mdomo niseme. Wifi akaniminya mkono, akaninong'oneza, "Marehemu husitiriwa." Nikanyamaza, nikarudi na khanga zangu. Nimezikunja, nimezikunjua, nimelia mpaka nimechoka. Sawa, marehemu husitiriwa. Na sie tulio hai tunasitiriwa na nani?

Kesho narudi. Nitambeba mjukuu wangu, kisha nitamwambia Zuwena sheria za nyumba ile zilikuwa za nani. Huenda asiniamini, maana jina ulishanijengea. Huenda akakulilia upya. Akikubali kukandwa, maji ya moto nitayabandika hukohuko kwa dada yako. Akikataa, khanga nitamwachia.

Usininunie huko uliko. Ulisema mtoto lazima awe na mmoja wa kumwogopa. Mie zamu yangu nimemaliza.

Mkeo,
Mama Zuwena