Nilivyomshinda Mama Clarisse

Jumatano. Tangu asubuhi upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya nyumba, na tangu nirudi nyumbani sijainuka hata kufunga dirisha. Nina aibu.

Wanaosoma blogu hii wanajua ninachohubiri: katika kulenga shabaha ya mbali, kifaa bora si lazima. Mimi ni karani wa usafirishaji hapa Kolwezi, bunduki yangu ni kuukuu, na darubini yake ina mkwaruzo. Jumapili nilishinda nayo mashindano ya klabu yetu, mita mia tatu. Mmenipongeza. Mmeandika kwamba nimethibitisha.

Sikuthibitisha kitu.

Niliyemshinda ni Mama Clarisse, dereva wa lori kubwa mgodini, upande wa Fungurume. Siku zote tulikuwa tunakaribiana, leo yeye, kesho mimi. Kisha kaka yake akamletea darubini mpya, ya kuona mpaka tundu la risasi kwenye karatasi. Nilimtania mbele ya watu kwamba si yeye tena atakayelenga: "Sasa darubini njo itapiga, haina weye." Wote walicheka. Moyoni nilikuwa na wivu tu.

Jumapili, kabla ya zamu yake, bunduki yake ilikuwa juu ya meza. Nilipopita, mkono wa shati langu uligusa ile darubini, ikacheza. Skrubu zake zilikuwa zimelegea. Kifaa cha kuzikazia kilikuwa mfukoni mwangu. Nikajiambia kila mtu akague chake.

Nikanyamaza.

Risasi zake zilitawanyika ovyo. Mbili hazikugusa hata karatasi. Aliitazama mikono yake, akafikicha macho, akapiga tena, akakosa tena. "Munisamehe," alisema, kana kwamba ametukosea sisi. Mwenyekiti akaninyanyua mkono, akivicheka vitu vya bei ghali: "Muliona? Bintu ya bei haipige yenyewe!" Nami nikacheka.

Nadhani ningeweza kuishi na hilo. Si jambo zuri kuliandika, lakini ndivyo nilivyo.

Leo asubuhi mwenzetu wa klabu amenipigia simu. Mama Clarisse ameomba kazini atolewe kwenye lori. Anaamini macho yake yanaharibika, na hataki kumkanyaga mtu.

Nilichukua pikipiki mpaka kwake, mtaa wa Manika. Nilimkuta uani akianika nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikitazama miguu yake. Alibaki ameshika shati lililolowa, maji yakimdondokea.

"Tata Ilunga, ulionaka?"

"Nilionaka, mama."

"Mbele nipige?"

"Mbele upige." Kabla ya risasi yake ya kwanza.

Alilikamua lile shati. "Miye nilimuambia binti yangu, macho yangu inakufa. Alilia sana. Na weye ulijua."

Nikasema naomba msamaha. Nikasema naweza kuikaza darubini sasa hivi.

"Usiiguse."

Aliingia ndani, akarudi na simu iliyokwisha kuita mkubwa wake wa kazi. "Sema," aliniambia. Nikamsimulia mwanamume nisiyemjua kwamba niliona, kwamba nilinyamaza, kwamba macho ya huyu mama hayana ubaya ninaoujua. Yule bwana aliuliza jina langu mara mbili. Halafu akasema watampima macho kesho, na yakiwa mazima atarudi kwenye lori lake.

Mtaniuliza kama kifaa bora kinahitajika. Sijui. Darubini ile, ikiwa imekazwa vizuri, huenda ingenishinda. Huenda mimi ningeshinda. Sitajua kamwe, kwa sababu sikutaka kujua. Na nyinyi msiniulize tena mimi.

Nimemwandikia mwenyekiti kwamba narudisha ushindi, na kwamba Jumapili nitasema sababu mbele ya wote. Bado hajajibu.

Nilipoaga, Mama Clarisse aliendelea kuanika nguo zake. Hapa kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, hata yule aliyekuja kuleta habari mbaya.

Nilitoka peke yangu.